Mitandao pasiwaya ya papo kwa papo viwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi, mhandisi au mwanafunzi ambaye vihisi vyake tayari viko ukutani, na anashangaa mbona jana mtandao ulikuwa mzima na leo nusu ya nodi (vifaa vya redio vya mtandao) hazionekani. Maswali yamefuatana jinsi yanavyojitokeza kazini.

Mtandao wa papo kwa papo ni upi hasa?

Ni mtandao wa redio ambao vifaa vyake huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe na kupitishiana ujumbe, bila kungoja mnara wala kituo kilichosimikwa mapema. Kila nodi ni mtumaji, mpokeaji na tarishi wa wenzake. Moja ikizimika, zilizobaki hutafuta njia nyingine. Ikiongezwa mpya, hujitambulisha na kupokewa.

Wazo lenyewe lina umri. ALOHAnet ya Chuo Kikuu cha Hawaii ilianza kazi mwaka 1971 na kuonyesha kwamba kompyuta nyingi zinaweza kugombea chaneli moja ya redio na bado zikaelewana. Katika muongo huohuo shirika la DARPA la Marekani liligharimia mitandao ya pakiti (vifurushi vidogo vya data) zilizorushwa kutoka redio hadi redio. Viwandani leo mambo ni mseto: karibu kila mara lipo lango linalopeleka data kwenye chumba cha udhibiti, na mara nyingi ipo programu inayosimamia ratiba ya mawasiliano. Kinachobaki kuwa cha papo kwa papo ni kile kilicho kati ya kihisi na lango, na huko ndiko vitimbi vyote hutokea.

Kwa nini tusitumie waya tu?

Pale waya unapofika na gharama yake inavumilika, tumia waya. Pasiwaya ina maana kwenye vitu vinavyozunguka au kutembea, kwenye matangi yaliyotawanyika eneo kubwa, kwenye maeneo ya joto kali ambako nyaya hazidumu, na kwenye vipimo ambavyo kila mtu angependa kuwa navyo lakini hakuna anayekubali kuchimba mtaro kwa ajili yake.

Mbona mtandao uliofanya kazi vizuri ofisini unavurugika kiwandani?

Kwa sababu ya chuma. Kiwandani kuna paa la bati, nguzo, matangi, mabomba, kreni, na mashine zenye miili ya chuma tupu, na chuma hakiyanyonyi mawimbi ya redio, bali huyarudisha. Kwa hiyo antena ya mpokeaji haipokei wimbi moja bali mengi: moja limekuja moja kwa moja, jingine limegonga tangi, jingine limepiga paa kisha sakafu. Kila moja limesafiri umbali tofauti kidogo, hivyo yanafika hayako pamoja. Mahali fulani yanasaidiana, mahali pengine yanafutana.

Kwenye masafa ya GHz 2.4, urefu wa wimbi ni kama sentimita 12.5. Tofauti ya nusu ya urefu huo, yaani sentimita 6 hivi, inatosha kufanya mawimbi mawili yaliyokuwa yanasaidiana yaanze kufutana. Ndiyo maana fundi anaweza kufunga nodi kwenye nguzo, akakuta haisikiki kabisa, akaisogeza upana wa kiganja tu na ikaanza kusikika kama iko jirani. Hajaibadilisha betri, hajagusa programu. Amehama tu kutoka shimoni kwenda kilimani.

Ubaya ni kwamba mashimo hayo hayakai mahali pamoja. Foklifti ikipita, kreni ikihamishwa, mlango wa chuma ukifunguliwa au mapipa yakipangwa upya, ramani nzima ya mashimo na vilima inachorwa upya. Nodi haijasogea hata kidogo, ila shimo limeifuata. Ofisini vitu hivi vipo pia, lakini kuta za mbao na plasta hurudisha mawimbi kidogo tu, na hakuna anayeendesha tani tano za chuma katikati ya chumba.

Jambo moja la kutia moyo: mwishoni mwa miaka ya 1980 Theodore Rappaport alipima mawimbi ya MHz 1300 ndani ya viwanda 5 na kukuta kwamba, kwa wastani, nguvu ya mawimbi inapungua kwa kasi isiyotofautiana sana na ya uwanja wazi, kipeo chake (namba inayoonyesha kasi ya kupungua kadiri umbali unavyoongezeka) kilikuwa takriban 2.2, na cha uwanja wazi ni 2. Chuma kilekile kinachovuruga pia kinayapitisha mawimbi kwenye pembe na nyuma ya mashine. Kwa wastani, basi, kiwanda si kaburi la redio. Tatizo ni kwamba mtandao hauishi kwenye wastani. Unaishi kwenye ile sentimita uliyofungia antena, saa ile foklifti inapopita.

Je, umbali ndio unaoamua kama nodi mbili zitasikilizana?

Umbali unachangia, lakini ukiutegemea peke yake utakudanganya. Katika uwanja wazi, mawimbi ya GHz 2.4 hupoteza kama desibeli 60 (desibeli hulinganisha nguvu; kila 10 ni mara kumi) katika mita 10 za kwanza na kama desibeli 80 yakifika mita 100. Ukizidisha umbali mara 10 umepoteza desibeli 20 tu. Sasa linganisha na lile shimo la mawimbi kufutana: kusogea sentimita chache kunaweza kukugharimu desibeli hizohizo 20. Hatua moja pembeni, na umelipa bei ya mita tisini.

Miongozo ya kupanga mitandao ya WirelessHART (kiwango cha vihisi pasiwaya vya viwandani) hutoa makadirio ya kuanzia: mita 30 hivi penye msongamano mkubwa wa vyuma, mita 76 penye msongamano wa wastani, mita 152 penye nafasi. Yachukue kama namba za kuchorea rasimu kwenye karatasi. Mtu anayechora duara kuzunguka kila nodi na kusema “ndani ya duara inasikika, nje haisikiki” anachora kiwanda ambacho hakipo.

Mota na mashine za kuchomelea ndizo zinazovuruga mawimbi?

Hizi hulaumiwa kuliko zinavyostahili. Cheche za kuchomelea na vifaa vya kubadilisha kasi ya mota hutoa kelele kubwa ya umeme, lakini sehemu kubwa ya kelele hiyo iko chini sana ya GHz 2.4. Inaweza kuingia kwenye nyaya za kihisi na kuharibu kipimo, inaweza hata kuyumbisha umeme wa nodi yenyewe hadi ikajiwasha upya, lakini mara chache ndiyo inayoziba chaneli ya redio.

Mshukiwa wa kwanza kwenye GHz 2.4 ni redio nyingine. Wi-Fi ya kiwanda, skana za ghala, vifaa vya Bluetooth, kamera zisizo na waya, na mashine za kukaushia kwa mawimbi ya maikro, zote zinatumia masafa hayohayo. Kiwango cha IEEE 802.15.4, ambacho vihisi vingi vya viwandani vimejengwa juu yake, kina chaneli 16 hapo, kuanzia namba 11 hadi 26, na zimeachana kwa MHz 5. Chaneli moja ya Wi-Fi ina upana wa MHz 20 au zaidi, kwa hiyo inafunika kama 4 za vihisi kwa mkupuo. Wi-Fi ikiwa imepangwa kwenye chaneli 1, 6 na 11, zinazopata nafuu ni 15, 20, 25 na 26.

Kabla ya kununua kichujio chochote, nenda kamuulize anayesimamia Wi-Fi ametumia chaneli zipi. Mazungumzo hayo ya dakika kumi hutatua mengi, na inashangaza jinsi idara mbili za jengo moja zinavyoweza kukaa miaka bila kuyafanya.

GHz 2.4 au masafa ya chini ya GHz 1?

Masafa ya chini hufika mbali zaidi kwa nguvu ileile na hupinda vizuri zaidi kwenye vizuizi. Kwa upande mwingine, kasi ya data huwa ndogo, antena huwa ndefu, na ruhusa hutofautiana: Ulaya hutumia eneo la MHz 868, Marekani 915. Sehemu kadhaa za bendi ya Ulaya huruhusu kifaa kutuma kwa asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa kipimo cha kiwango cha tangi kila robo saa, hizo ni nyingi mno. Kwa nodi inayobeba mizigo ya wenzake ishirini, fanya hesabu kwanza.

Nodi A inamsikia B vizuri, lakini B hamsikii A. Inawezekanaje?

Ni jambo la kawaida. Nguvu za kutuma hazilingani, antena hazielekei sawasawa, na kelele iliyo karibu na A siyo iliyo karibu na B. Mpokeaji aliyefungwa kando ya kituo cha Wi-Fi anasikiliza katikati ya makelele. Mtumaji wake aliye mita 40 kutoka hapo yuko kwenye utulivu.

Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kila pakiti hudai jibu la kupokelewa. Data ikifika na jibu lisirudi, mtumaji hurudia kutuma kitu ambacho tayari kimefika. Ndiyo maana itifaki nzuri (kanuni za kuchagua njia) hazihesabu miruko tu, yaani mara ambazo pakiti hupokezanwa kutoka nodi hadi nodi, bali hukadiria ni mara ngapi pakiti italazimika kutumwa hadi ipokelewe na kuthibitishwa. Kipimo hicho huitwa ETX. Unagawa 1 kwa uwezekano wa kufanikiwa kwenda ukizidishwa na uwezekano wa kufanikiwa kurudi.

Tuseme njia ya mruko mmoja inafaulu kwa asilimia 60 kila upande. ETX yake ni 1 ÷ 0.36, kama 2.8. Njia ya miruko miwili, kila mmoja ukifaulu kwa asilimia 95 kila upande, ina ETX ya kama 1.1 kwa mruko, jumla 2.2. Njia ndefu ndiyo rahisi. Itifaki inayokimbilia miruko michache itachagua ile mbaya kila siku, kwa sababu miruko michache maana yake ni miruko mirefu, na miruko mirefu ndiyo iliyoko ukingoni mwa kusikika.

Kwa nini njia zinabadilikabadilika hata kama hakuna kilichoharibika?

Hapa ndipo sifa kubwa ya mitandao hii inapogeuka kuwa ugonjwa wake. Nodi imeambiwa itafute njia bora. Viungo viwili vinakaribiana ubora. Foklifti inapita, cha kwanza kinashuka kidogo, nodi inahamia cha pili. Foklifti inaondoka, inarudi cha kwanza. Kila kuhama kunazaa ujumbe wa kutangaza njia mpya, ujumbe huo unachukua nafasi hewani, pakiti za watu zinagongana nao, viungo vinaonekana vibaya zaidi, na wengine nao wanaanza kuhama.

Itifaki hutofautiana namna zinavyolikabili jambo hili. AODV, iliyoandikwa kama RFC 3561 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) mwaka 2003, hutafuta njia pale tu inapohitajika, kwa kueneza swali mtandao mzima. Njia zikivunjika mara kwa mara, maswali hayo ndiyo huwa mzigo. OLSR ya mwaka huohuo, RFC 3626, hutunza ramani wakati wote, hivyo njia iko tayari lakini matangazo hayakomi. Zote mbili zilifikiriwa kwa vifaa vinavyotembea. RPL, RFC 6550 ya mwaka 2012, ilitungwa kwa vihisi vyenye nguvu kidogo: nodi hujipanga kama mti unaoelekea kwenye lango, na matangazo hupungua mambo yakitulia, yakaongezeka mambo yakichafuka.

Dawa yenyewe ni uvumilivu uliopimwa. Katika kanuni ya RPL iitwayo MRHOF, nodi haihami mzazi, yaani nodi inayoipitishia ujumbe kuelekea langoni, mpaka njia mpya iizidi ya zamani kwa kiasi fulani. Thamani ya kawaida ni sawa na ETX 1.5. Ukiishusha ili mtandao “uitikie haraka”, unaualika huo mtikisiko. Kwa maoni yangu, kiwandani ni heri nodi ing’ang’anie mzazi wa wastani kwa dakika mbili kuliko ibadilishe wazazi wazuri kila sekunde kumi.

Kila mruko unaongeza gharama gani?

Mbili: uhakika na nafasi ya hewani.

Uhakika kwanza. Kila mruko ukifaulu kwa asilimia 95 na hakuna kurudia, miruko 5 inakuacha na asilimia 77 tu. Ukiruhusu majaribio 3 kwa kila mruko, na kila jaribio likawa huru, mruko mmoja unafikia asilimia 99.99 na safari nzima hupita 99.9. Tazama lakini hilo neno “huru”. Foklifti iliyoegeshwa mbele ya antena haijali umejaribu mara ngapi ndani ya nusu sekunde. Majaribio matatu kwenye chaneli ileile, wakati uleule, ni jaribio moja lililorudiwa.

Nafasi ya hewani sasa. Nodi zilizo kwenye mnyororo mmoja hugawana hewa ileile kama watu wanaopitishiana ndoo kwenye ujia usiopitisha wawili: wa katikati akipokea, jirani zake wote lazima wangoje. Utafiti wa mwaka 2001 kuhusu minyororo ya redio za 802.11 (yaani Wi-Fi) ulionyesha kwamba, hata ukipanga vizuri, mnyororo mrefu hupata robo ya kasi ya kiungo kimoja, na itifaki ya kawaida hufikia moja ya saba tu. Mwaka uliotangulia, Gupta na Kumar walikuwa wamethibitisha kihesabu kwamba kadiri nodi zinavyoongezeka, fungu la kila mmoja hupungua hata kila kitu kikipangwa kwa ustadi wa juu kabisa.

Basi kuongeza nodi za kupokezana hakusaidii?

Kunasaidia pale penye pengo la kusikika, na kunaumiza pale penye msongamano. Tofautisha kwanza. Pakiti zikipotea huku hewa ikiwa kimya, ongeza nodi. Zikipotea hewa ikiwa imejaa, nodi mpya ni mdomo mwingine mezani. Miongozo ya WirelessHART hupendekeza kila kifaa kiwe na majirani 3 kinachoweza kuwasiliana nao, na angalau robo ya vifaa vyote viweze kufikia lango moja kwa moja. Ni kanuni za kukadiria tu, lakini zimekaa vizuri.

Nodi zilizofichana ni tatizo gani?

A na C wote wanamsikia B, lakini wao wawili hawasikiani kwa sababu kuna tangi kati yao. A anasikiliza hewa, anaona kimya, anatuma. C naye vilevile. Pakiti zinagongana kwa B, na kila mmoja anaapa alisikiliza kabla ya kutuma. Chuma kingi hufanya hali hii iwe ya kila siku. Kubadilishana ujumbe mfupi wa kuomba na kupewa nafasi husaidia kwenye pakiti kubwa. Kwa fremu za 802.15.4 ambazo hazizidi baiti 127, maombi yenyewe yanakaribia ukubwa wa mzigo. Njia safi zaidi ni kuacha kugombea na kugawana muda.

Hiyo ndiyo TSCH (kugawana muda huku chaneli zikibadilishwa)?

Ndiyo. Iliingizwa kwenye familia ya 802.15.4 mwaka 2012, ingawa WirelessHART ya mwaka 2007 na ISA100.11a, kiwango kingine cha viwandani, ya 2009 tayari zilikuwa na wazo la aina hiyo. Muda unakatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 10, na ratiba inasema nani atume, nani asikilize, kwenye kipande kipi. Mizunguko inapoendelea, mawasiliano ya jozi ileile hurukaruka kutoka chaneli hadi chaneli.

Kurukaruka huko ndiko kunakorudisha ule uhuru wa majaribio tulioukosa. Shimo la mawimbi kufutana linategemea urefu wa wimbi. Ukibadilisha chaneli, shimo linahama. Pakiti iliyoangukia chaneli 13 inajaribiwa tena kwenye 22, ambako huenda mahali hapohapo ni kilimani. Wi-Fi iliyoziba chaneli 4 haiwezi kuzifunga 12 zilizobaki. Kwa mtu anayehangaika na kiwanda chenye chuma kingi, hiki ndicho kipengele kimoja ambacho ningekitaka kabla ya vingine vyote.

Bei yake ni saa. Nodi zote lazima zikubaliane muda. Fuwele mbili (vipande vinavyoendesha saa za nodi) zinazoachana kwa sehemu 40 katika milioni hupishana milisekunde 1 kila sekunde 25, na joto la boila linaweza kuzidisha. Nodi lazima irekebishe saa yake mara kwa mara kwa kumsikiliza mzazi. Ikikosa kumsikia muda mrefu inatoka nje ya mstari na kuanza kujiunga upya, jambo linaloweza kuchukua dakika kadhaa.

Bei nyingine ni kungoja. Ratiba yenye vipande 101 vya milisekunde 10 huzunguka kila sekunde 1 na kidogo. Nodi yenye kipande kimoja tu kwa mzunguko, iliyo miruko 4 kutoka langoni, inaweza kufikisha kipimo baada ya sekunde 4 ikiwa vipande vimepangwa vibaya, na hapo hakuna pakiti iliyopotea bado.

Betri iliyoahidiwa miaka mbona imekwisha miezi michache?

Kwa sababu redio haili umeme kwa kutuma tu, bali hata kwa kusikiliza. Mpokeaji anayekula miliampea 20 akiachwa wazi muda wote huimaliza betri ya mAh 2400 kwa saa 120, yaani siku 5. Akisikiliza asilimia 1 ya muda, ni siku 500. Tofauti yote iko kwenye usingizi.

Nodi zinazokufa mapema kwa kawaida ni zilizo jirani na lango, kwa sababu mizigo ya wote hupitia kwao. Zikizimika, walioko mbali hubaki yatima ingawa betri zao zimejaa. Ziwekee umeme wa kudumu, au ongeza lango la pili upande wa pili wa jengo.

Naweza kutumia mtandao huu kuendesha mashine?

Inategemea unaendesha nini. Shirika la ISA, la kimataifa la wataalamu wa udhibiti wa mitambo, lina ngazi za matumizi kuanzia 0 hadi 5: 0 ni hatua za dharura za usalama, 1 ni udhibiti wa mzunguko funge (mfumo hujirekebisha bila mtu) ulio nyeti, 2 ni udhibiti wa usimamizi, 3 ni udhibiti ambao mtu yumo katikati, 4 ni tahadhari, 5 ni kumbukumbu na takwimu. Ngazi za 4 na 5 ndizo makao ya asili ya mitandao hii, na 3 inafaa ikipangwa kwa makini. Ngazi ya 2 inawezekana pale mchakato ni wa polepole, kama joto la tangi kubwa.

Kwa usalama wa watu, swali huwa tofauti. Mifumo ya usalama inayopita kwenye mawasiliano yasiyoaminika ipo, na kanuni yake ni kwamba kifaa cha mwisho kisitegemee mtandao kamwe: ujumbe wa uhai usipofika kwa wakati, mashine inasimama. Hapo mtandao unaoyumba hautaua mtu, ila utaisimamisha mashine mara nyingi mpaka mtu fulani ashawishike kuuondoa ulinzi wenyewe. Hatari iko hapo.

Na usalama wa data?

802.15.4 ina usimbaji wa AES wa biti 128, na hesabu zake ni imara. Udhaifu uko kwenye ufunguo wa kujiunga ulioachwa kama ulivyotoka kiwandani, au ufunguo mmoja kwa nodi zote, kisha nodi moja ikatupwa kwenye chuma chakavu ikiwa na siri zote ndani. Upekee wa mitandao hii ni kwamba nodi iliyotekwa haihitaji kuvunja chochote: ikijitangaza kwamba ina njia nzuri ajabu ya kwenda langoni, majirani watamimina mizigo yao kwake. Nodi ambayo ghafla imekuwa mzazi wa nusu ya mtandao inastahili kutembelewa kwa miguu.

Matokeo ya uigaji wa kompyuta yaaminiwe?

Kwa kulinganisha itifaki mbili, ndiyo, kwa tahadhari. Kwa kukuambia nodi ya tatu kutoka kwenye boila itasikika, hapana.

Nipime nini, na kwa muda gani?

Pima kila kiungo, kila upande: pakiti zilizotumwa, zilizothibitishwa, mara za kurudia, nguvu ya mawimbi, na kila kubadili mzazi pamoja na saa yake. Nguvu ya mawimbi peke yake haitoshi, maana mawimbi yenye nguvu yanaweza kuwa yamezamishwa na kelele yenye nguvu zaidi. Muda usiwe chini ya mzunguko mzima wa kazi: zamu zote, pamoja na siku ya usafi na siku ya kupakia mizigo. Kupima Jumapili, mashine zimezimwa na ghala tupu, ni kupima jengo jingine.

Halafu weka logi ya mtandao kando ya ratiba ya kiwanda. Tuseme nodi 14 ina wastani wa kufaulu wa asilimia 98 kwa wiki; kwa macho ya ripoti, haina neno. Fungua logi kwa dakika na utaona kwamba ni 99 na zaidi karibu muda wote, isipokuwa kati ya saa 8 na saa 8 na nusu mchana, ambapo inashuka hadi chini ya 20 na kubadili wazazi mara saba. Kila siku ya kazi, saa ileile. Mtandao hauwezi kukueleza sababu. Msimamizi wa ghala anaweza: saa 8 malori yanapokelewa, mlango mkubwa wa chuma unapandishwa, na ukishapanda unaning’inia mbele ya nodi mzazi. Nodi hiyo ikishushwa mita moja na nusu, tatizo linakwisha. Wastani wa wiki usingelionyesha kamwe, na kuongeza nguvu ya kutuma kungelificha kwa muda tu.

Antena iwekwe wapi?

Mbali na chuma chochote, angalau nusu mita ukiweza, wima kama za wenzake, na juu ya kimo cha foklifti na shehena yake, ila chini ya mihimili ya kreni. Usiifungie ndani ya sanduku la chuma. Hili linasikika kama mzaha mpaka ufungue sanduku kadhaa.

Mtandao mzima umepotea ghafla. Nianzie wapi?

Anza na lango, si nodi. Umeme wake upo? Waya wake wa kwenda kwenye seva? Likiwa zima, angalia nodi za jirani yake kabisa: zikiwa hai na za mbali zimekufa, betri za majirani au kizuizi kipya ndicho cha kutafutwa. Zote zikiwa hazisikiki, sikiliza hewa kwa kichanganuzi cha masafa na uulize ni kifaa gani kipya kimewashwa leo. Usiziwashe upya nodi zote kwa pamoja. Mia moja zikianza kujiunga kwa wakati mmoja, zitagombania hewa muda mrefu kuliko hitilafu yenyewe ingedumu. Washa zilizo karibu na lango, zingoje zitulie, kisha sogea nje mruko mmoja mmoja.